Homoni Ile Ile, Majibu Tofauti: Hotuba kuhusu Vipokezi katika Ubongo wa Wanyama Wachanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa tiba ya mifugo na wa baiolojia, mabibi na mabwana,

Nimealikwa kuzungumza juu ya homoni na ukuaji wa ubongo, na ninashukuru kwa mwaliko huo. Naomba ruhusa yenu, hata hivyo, nitumie sehemu kubwa ya muda huu kuzungumzia kitu ambacho vitabu vyetu vya shule hukitaja kwa sentensi moja na kukiacha, nacho ni kipokezi. Tumezoea kusema kwamba testosteroni hufanya hili, estrojeni hufanya lile, na homoni ya thairoidi hufanya jingine, kana kwamba molekuli yenyewe imebeba maagizo kamili ya kazi yake. Haikuyabeba. Estradioli, estrojeni iliyo kuu, inayofika kwenye mji wa mimba, kwenye mfupa na kwenye ubongo ni molekuli ile ile moja, isiyotofautiana hata kwa atomu, lakini majibu inayoyapata katika sehemu hizo tatu ni matatu. Tofauti inatoka kwa yule anayeipokea. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walimtazama mgeni. Mimi leo nataka tumtazame mwenyeji, kwa sababu katika ubongo wa mnyama aliyezaliwa jana yeye ndiye anayeamua kama ujio huo utaokoa seli, utaiua, au hautasikika kabisa.

Vipokezi nitakavyovizungumzia ni protini zinazofanya kazi ndani ya seli. Homoni za steroidi, yaani estradioli, testosteroni, kotisoli na jamaa zake, hutengenezwa kutokana na kolesteroli, na kwa kuwa huyeyuka katika mafuta hupenya utando wa seli bila shida kubwa. Ndani hukutana na kipokezi. Vikishikana, kipokezi hubadilika umbo, hukaa juu ya DNA mahali maalumu, na huvuta protini nyingine zinazowasha au kuzima jeni. Homoni ya thairoidi haitokani na kolesteroli, na huhitaji protini za kuisafirisha ili iingie katika seli, lakini kipokezi chake ni cha ukoo huo huo mmoja. Kwa binadamu ukoo huo una jeni 48.

Kuwapo kwa vipokezi kulijulikana kwa kufuata nyayo za homoni yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago aliiwekea estradioli alama ya tritiamu, yaani hidrojeni yenye mnururisho, kisha akaifuatilia ndani ya mwili wa panya. Katika tishu nyingi homoni ilipita tu, lakini katika mji wa mimba ilibaki kwa saa nyingi bila kubadilishwa kikemia, na maelezo pekee yaliyofaa ni kwamba kulikuwa na kitu kinachoishika. Njia hiyo ikahamishiwa kwenye ubongo. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake, New York, walionyesha kwamba kotikosteroni, ambayo kwa panya ndiyo homoni kuu ya mfadhaiko, hukusanyika katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Na mwaka 1973 Donald Pfaff na Melvyn Keiner walichapisha ramani ya seli zinazoshika estradioli katika ubongo wa panya jike. Ramani ile haikuonyesha ubongo mzima uliolowa homoni. Ilionyesha madoa: hapa haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia homoni, pale amigdala, sehemu inayohusika na hisia, na kati yake maeneo makubwa yaliyonyamaza. Damu ilikuwa imeifikisha homoni kila mahali, lakini ni seli chache tu zilizokuwa na cha kuipokelea.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu swali la mnyama mchanga lilitangulia kuulizwa kabla kipokezi hakijafahamika. Mwaka 1936 mtafiti wa Marekani, Carroll Pfeiffer, alipandikiza korodani katika panya jike waliozaliwa muda mfupi uliopita, na akaona kwamba walipokua hawakupevusha mayai. Aliamini kwamba kilichobadilishwa ni tezi ya pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Lakini Geoffrey Harris na Dora Jacobsohn walionyesha mwaka 1952 kwamba pituitari ya dume ikipandikizwa chini ya ubongo wa jike aliyeondolewa ya kwake, inaendesha mzunguko wa jike kama kawaida. Tezi ilikuwa tayari kufuata amri ya upande wowote. Aliyekuwa ameumbwa dume au jike ni ubongo ulio juu yake. Kisha Charles Barraclough, mwaka 1961, akaonyesha kwamba sindano moja tu ya testosteroni, miligramu 1.25, akichomwa panya jike siku ya 5 baada ya kuzaliwa, inatosha kumfanya tasa maisha yake yote. Kiasi kile kile akipewa akiwa na siku 20 hakikuleta athari hiyo.

Kati ya majaribio hayo mawili kuna lile la mwaka 1959 la Charles Phoenix, Robert Goy, Arnold Gerall na William Young, katika Chuo Kikuu cha Kansas, ambao walitumia simbilisi badala ya panya. Wao waliwapa testosteroni simbilisi wenye mimba, na watoto wa kike waliozaliwa wakawa, hata ukubwani, wazito kuonyesha mwenendo wa kujamiiana wa jike na wepesi kuonyesha ule wa dume. Kutokana na jaribio hilo walitenganisha kazi mbili za homoni: ile ya mapema, inayopanga ubongo na kuacha alama ya kudumu, na ile ya ukubwani, inayoamsha kilichokwisha kupangwa na kutoweka homoni inapotoweka.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini simbilisi alihitaji homoni kabla ya kuzaliwa na panya baada ya kuzaliwa. Jibu ni kwamba simbilisi huzaliwa akiwa na manyoya, macho yakiwa wazi, na baada ya muda mfupi anatembea. Panya huzaliwa kipofu, bila manyoya, na ubongo wake siku hiyo unalingana kwa hatua nyingi na ule wa mtoto wa binadamu aliye bado tumboni. Kuzaliwa ni tukio kubwa kwa mama na kwa mapafu, lakini si saa ambayo ubongo hujipimia. Saa yake ni kipindi ambacho vipokezi vimekwisha kujitokeza na niuroni, yaani seli za neva, bado hazijakamilisha miunganiko yao. Kwa hiyo anayesoma utafiti wa panya wa siku 5 na kuuhamishia moja kwa moja kwa mtoto wa binadamu wa siku 5 anafanya kosa la miezi kadhaa. Naliona kosa hili mara kwa mara katika maandishi ya kitaaluma, na linanisumbua, kwa sababu linaweza kuelekeza ulinzi wetu mahali ambapo hatari imekwisha kupita.

Wale mliokulia katika jamii za wafugaji mnalijua jambo la jamii hii kwa macho yenu: mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi hashiki mimba. Frank Lillie wa Chicago alieleza mwaka 1916 na 1917 kwamba mishipa ya damu ya mapacha hao huungana katika kondo la nyuma, na homoni za dume huingia katika damu ya jike mapema sana. Zaidi ya 9 kati ya mitamba 10 wa namna hiyo huwa tasa. Sehemu kubwa ya madhara hayo iko katika viungo vya uzazi wala si katika ubongo, na homoni zaidi ya moja inahusika, hivyo silitumii kama ushahidi wa hoja yangu. Nalitaja kwa kuwa mfugaji aliona, bila maabara, kwamba homoni iliyopita katika siku fulani za mwanzo huacha matokeo ambayo hakuna lishe wala dawa ya ukubwani inayoyafuta.

Nije sasa kwenye fumbo lenyewe. Watafiti walipochoma panya jike wachanga estradioli, homoni tunayoiita ya kike, ubongo wao ulielekea udume, sawasawa na walivyochomwa testosteroni. Dihidrotestosteroni, ambayo ni androjeni, yaani homoni ya kiume, kali kuliko testosteroni lakini haiwezi kugeuzwa kuwa estrojeni, haikuleta sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Frederick Naftolin, Kenneth Ryan na wenzao, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walionyesha kwamba ubongo wenyewe una kimeng'enya cha aromatasi, kinachoigeuza testosteroni kuwa estradioli papo hapo katika tishu. Korodani za panya dume humwaga testosteroni nyingi katika saa chache baada ya kuzaliwa; testosteroni hiyo hufika katika haipothalamasi, aromatasi huigeuza, na estradioli inayotokea hushika vipokezi vya estrojeni vilivyo ndani ya seli hizo hizo au jirani. Ubongo wa panya dume, kwa sehemu kubwa, unajengwa na estrojeni.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini kila panya jike asizaliwe na ubongo wa dume, ilhali amekaa siku zote za mimba karibu na estrojeni za mama yake? Maelezo yaliyokubalika ni kwamba damu ya panya wachanga ina protini iitwayo alfafetoprotini, ambayo huishika estradioli kwa nguvu na kuizuia isifike kwenye ubongo, lakini haiishiki testosteroni. Julie Bakker na wenzake waliipima hoja hiyo mwaka 2006 kwa kutumia panya wadogo (jamii nyingine ya panya, si panya wachanga) waliozalishwa bila jeni ya protini hiyo. Majike wake hawakuonyesha mwenendo wa kike, na walipozuiliwa kutengenezewa estrojeni wakiwa tumboni, mwenendo huo ulirudi. Kwa hiyo dume hupata estrojeni kwa kuipitisha ikiwa bado testosteroni, na jike hukingwa na protini iliyo katika damu yake. Nimesoma mengi katika baiolojia, na bado sijaona mpangilio mwingine unaonishangaza kuliko huu.

Lakini hata hapo hatujafika kwa kipokezi. Mwaka 1978 Roger Gorski na wenzake, Los Angeles, walieleza kundi la niuroni katika eneo la mbele ya haipothalamasi ya panya ambalo kwa dume ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa jike, tofauti iliyoonekana hata kwa jicho lisilo na darubini likitazama kipande cha ubongo kilichotiwa rangi. Tofauti hiyo hujengeka katika siku za mwanzo za maisha: seli nyingi za jike katika kundi hilo hufa kwa ule utaratibu wa kawaida wa seli kujiua, na estradioli kwa dume huziokoa. Karibu kabisa na hapo, pembeni mwa ventrikali ya tatu, mojawapo ya vyumba vya majimaji vya ubongo, kuna kiini kingine kidogo, yaani kundi la niuroni, kinachoongoza mfumuko wa homoni unaosababisha kupevuka kwa yai. Hicho ni kikubwa kwa jike. Katika kiini hicho estradioli ile ile, ikishika kipokezi kile kile cha aina ya alfa, katika wiki hizo hizo za mwanzo, husababisha seli za dume zife. Nancy Forger na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba panya wadogo wasio na jeni ya Bax, inayohitajika ili seli ijiue, hawana tena tofauti ya idadi ya seli kati ya dume na jike katika kiini hicho. Homoni moja, kipokezi kimoja, sehemu mbili zinazokaribiana. Huku inaokoa na kule inaua. Kinachotofautiana ni protini zinazokizunguka kipokezi ndani ya kila seli, na jeni ambazo seli hiyo imeziacha wazi ili kipokezi kizifikie. Ndiyo maana ninakataa kuziita homoni hizi amri. Ni habari, na seli huitafsiri kwa historia yake yenyewe.

Tafsiri hiyo hupitia njia ambazo hakuna aliyezitarajia. Mwaka 2004 Stuart Amateau na Margaret McCarthy wa Maryland waligundua kwamba estradioli katika eneo hilo la mbele ya haipothalamasi huongeza kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini E2, molekuli ile ile tunayoijua katika homa na uvimbe, na kwamba prostaglandini hiyo ndiyo huziongezea niuroni vichipukizi vinavyopokea sinapsi, yaani viungio kati ya niuroni. Panya jike wachanga walipopewa prostaglandini peke yake, bila homoni yoyote ya uzazi, walikua na mwenendo wa dume. Panya dume walipozuiliwa kuitengeneza, mwenendo wao wa dume ulipungua ukubwani. Baadaye ikaonekana kwamba seli za kinga za ubongo, maikroglia, zimo katika mazungumzo hayo. Na mwaka 2015 maabara hiyo hiyo ilionyesha kwamba dawa zinazozuia kubandikwa kwa vikundi vya methili, yaani alama ndogo za kikemia, kwenye DNA ziliweza kumfanya panya jike awe na mwenendo wa dume hata baada ya kupita siku ambazo homoni huweza kuupanga ubongo. Maana yake ni kwamba ubongo wa jike haubaki wa jike kwa sababu tu hakuna kilichotokea. Kuna kazi inayofanywa kila siku kuzifunga jeni fulani.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu kuna hatari ya kuchukua habari za panya na kuzivika watu. Alfafetoprotini ya binadamu haiishiki estradioli kwa nguvu ile. Aidha kuna watu wenye kromosomu za X na Y ambao kipokezi chao cha androjeni hakifanyi kazi kabisa. Wana testosteroni, wana aromatasi, wana vipokezi vya estrojeni, na bado kwa kawaida hukua na kujitambua kuwa wanawake. Kama ubongo wa binadamu ungefuata njia ya panya, isingekuwa hivyo. Kwa binadamu na nyani kipokezi cha androjeni kina uzito ambao kwa panya hakina, na juu yake kuna malezi, lugha na jamii, mambo ambayo hakuna sindano inayoyapima. Mwenye kuzitumia tafiti hizi kutoa hukumu juu ya watu hajazisoma.

Hata mnyama wa nchi zetu anatuonya tusiwe wepesi wa kuhitimisha. Fisi madoa jike ana kinembe kirefu chenye umbo la uume, na hukojoa, hujamiiana na huzaa kupitia humo. Ndiyo maana kwa karne nyingi watu walidai kwamba fisi ni huntha. Watoto wake huzaliwa macho yakiwa wazi na meno yameota, na mapacha huanza kupigana mara tu baada ya kuzaliwa. Watafiti wa California, waliolea kundi lililoanzishwa kwa watoto wa fisi kutoka Kenya, waligundua kwamba ovari za mama hutoa androjeni nyingi iitwayo androstenedioni, na kondo huigeuza kuwa testosteroni, kwa kuwa uwezo wa kondo hilo wa kuigeuza kuwa estrojeni ni mdogo. Ilionekana kama fumbo limefumbuliwa. Lakini mwaka 1998 Christine Drea na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapa fisi wenye mimba dawa zinazozuia androjeni kufanya kazi: watoto wa kike walizaliwa na kiungo kilichobadilika umbo, lakini bado kilikuwepo. Kuna sehemu ya fisi ambayo haingojei kipokezi cha androjeni. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linanizuia mimi mwenyewe, ninayevitetea vipokezi, nisivifanye jibu la kila swali.

Juu ya homoni za mfadhaiko nitasema kwa ufupi. Panya mchanga, tangu siku ya 4 hivi hadi ya 14, hutoa kotikosteroni kidogo sana hata akisumbuliwa, na mama ndiye anayeulinda utulivu huo kwa kumlamba na kumnyonyesha. Katika siku hizo vipokezi vya glukokotikoidi, yaani vya homoni hizo za mfadhaiko, vinajipanga katika hipokampasi, navyo ndivyo vitakavyouambia ubongo, maisha yote, kwamba homoni imetosha na isitolewe zaidi. Maabara ya Michael Meaney, Montreal, ilionyesha mwaka 1997 kwamba watoto wa mama anayelamba sana hukua wakiwa na vipokezi vingi zaidi na mfadhaiko unaotulia mapema, na mwaka 2004 kundi hilo likaeleza kwamba tofauti hiyo inaambatana na vikundi vya methili kwenye jeni ya kipokezi, vinavyopangwa katika wiki ya kwanza. Mtoto akihamishiwa kwa mama mwingine, hufuata malezi ya yule aliyemlea. Ni kazi nzuri, ingawa nadhani imebebeshwa maelezo mengi kuhusu watoto wa binadamu kuliko inavyoweza kubeba. Kwa madaktari, jambo la karibu zaidi ni deksamethasoni wanayopewa wajawazito walio katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Dawa hiyo hushika kipokezi hicho hicho katika mapafu ya mtoto na kuyakomaza. Msingi wake ulitokana na wanakondoo wa Graham Liggins huko New Zealand, na jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2020, ambalo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zake tano, lilithibitisha kwamba inaokoa maisha ya watoto njiti. Nami ninaiunga mkono. Lakini ubongo nao una kipokezi hicho, na kwa hiyo swali la dozi na la kurudiarudia dozi ni swali la kweli.

Nimeiweka homoni ya thairoidi mwisho kwa sababu ndiyo inayotugusa zaidi, na kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi kuliko zote kazi ya kipokezi. Mwaka 1986 maabara mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Ulaya, zilitangaza kwa wakati mmoja kwamba protini ambayo tayari ilijulikana kwa jina jingine ndiyo kipokezi cha homoni hiyo. Ipo ya aina ya alfa na ya beta. Katika ubongo iliyo nyingi ni ya alfa. Tofauti na vipokezi vingi vya steroidi, hii haiisubiri homoni ndipo iende kwenye DNA. Inakaa hapo tangu mwanzo. Isipokuwa na homoni, hukusanya protini zinazozima jeni. Homoni ikifika, protini hizo huachiliwa, zingine huja mahali pake, na jeni huwaka.

Fikirini maana yake kwa panya mchanga asiye na homoni ya thairoidi. Katika serebelamu, yaani ubongo mdogo ulio nyuma, tabaka la nje la seli changa linalopaswa kuwa limehamia ndani na kwisha kufikia mwisho wa wiki ya tatu hubaki limekwama, na niuroni kubwa za Purkinje hukua na matawi mafupi yasiyo na miunganiko ya kutosha. Tulidhani kwamba seli hizo zinadhoofika kwa kukosa kitu. Kisha mwaka 2002 kikundi cha Juan Bernal, Madrid, kikawachukua panya wadogo wasio na kipokezi cha alfa na kuwanyima homoni ya thairoidi tangu mwanzo. Serebelamu yao haikuharibika. Katika mwaka huo huo ilionyeshwa kwamba panya wanaozaliwa bila tezi ya thairoidi inayofanya kazi, ambao kwa kawaida hufa karibu na siku za kuachishwa ziwa, huishi ikiwa wameondolewa pia jeni ya kipokezi cha alfa. Kilichokuwa kikidhuru ni kipokezi kilichoachwa peke yake, kikizifunga jeni siku baada ya siku kwa kuwa hakuna homoni iliyokuja kukiachisha. Mwenyeji aliyekosa mgeni alikuwa anabomoa nyumba. Matokeo haya yanapaswa kubadilisha namna tunavyofundisha upungufu wa homoni, kwani upungufu huo ni zaidi ya pengo. Ni kazi inayoendelea kufanywa vibaya katika kila saa ambayo homoni haijafika.

Ndiyo sababu siku zina thamani kubwa kiasi hiki. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania zilijulikana kwa muda mrefu kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi, na vivyo hivyo kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ambako tangu miaka ya 1960 watafiti walieleza jinsi uhaba wa madini joto unavyozidishwa makali na muhogo usioandaliwa vizuri. Rovu huonekana shingoni, kwa hiyo ndilo lililopewa jina na hofu. Ubongo wa mtoto aliye tumboni hauonekani. Katika miezi ya mwanzo ya mimba mtoto hana tezi inayofanya kazi, na homoni inayofikia vipokezi vyake hutoka kwa mama. Mama asipopata madini joto ya kutosha, ambayo Shirika la Afya Duniani linayakadiria kuwa mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito, wote wawili hupungukiwa kwa pamoja. Chumvi yenye madini joto ni kinga ya hatua hiyo, na haina mbadala wa bei nafuu kuliko yenyewe. Wanaoikwepa kanuni ya kuitia madini joto ili wauze magunia yao kwa bei ya chini wanapaswa kujua wanachokiuza.

Lakini kuna mtoto ambaye chumvi haimsaidii, naye ni yule anayezaliwa bila tezi au akiwa na tezi isiyofanya kazi. Duniani ni takriban mmoja kati ya kila watoto 2,000 hadi 4,000. Anapozaliwa huonekana mzima, kwa sehemu kwa sababu homoni ya mama ilikuwa inamvukia kupitia kondo, na mama humtoa hospitalini akiwa na furaha. Kitovu kinapokatwa, akiba hiyo huanza kwisha, na kile kipokezi cha alfa huanza kazi yake ya kufunga. Dalili zinapokuwa wazi, yaani ulimi mkubwa, ngozi kavu, uvivu wa kunyonya na kilio cha sauti nzito, sehemu ya ujenzi wa ubongo imekwisha kukosewa. Mwaka 1974 jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza kuwapima watoto wote kwa tone la damu ya kisigino lililokaushwa kwenye karatasi, kwa njia iliyobuniwa na Jean Dussault. Mtoto akigunduliwa na kuanza kumeza thairoksini, yaani homoni ya thairoidi yenyewe, ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida hukua na akili kama ya wenzake. Dawa yenyewe ni ya zamani. Thairoksini ilitengwa na Edward Kendall mwaka 1914. Katika nchi nyingi za Afrika kipimo hicho bado hakifanywi kwa kila mtoto.

Nawaambia ninyi wanafunzi kwa sababu ninyi ndio mtakaokaa katika maabara za wilaya, katika vyuo na katika kamati zinazopanga bajeti za afya na mifugo. Karatasi ya kukaushia damu inasafirishwa kwa basi bila barafu. Wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wanajua tayari kumchoma mtoto kisigino. Kinachokosekana ni maabara moja ya kanda inayopokea karatasi hizo kila siku, orodha ya namba za simu za wazazi inayotunzwa vizuri, na mtu mwenye jukumu la kupiga simu hiyo kabla ya siku ya 14. Ningependa mazungumzo yatakayofuata tuyatumie kulijadili hilo, na kama kuna mwenye takwimu za hospitali ya mkoa wake, azilete mezani.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.